Risala ya kikundi cha wanaoishi na kisukari na presha, Wilaya ya Wete, Pemba, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sheha wetu, wahudumu wa afya, wazee wetu, mabibi na mabwana,
Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini mwaka 1921. Na wewe Mheshimiwa tunakushukuru kwa kuja. Tulikutarajia saa tatu, umefika saa sita kasorobo. Barabara yetu tunaijua, hatuna lawama. Wenzetu wanaojipiga sindano tumewalisha mapema, maana sukari ikiwashuka haisubiri itifaki.

Kikundi kilianza na watu tisa chini ya muembe. Leo tuko 38. Mafanikio ni makubwa mno. Tuna daftari, tuna muhuri, na tuna bustani ya mchicha na bamia ambayo, mbuzi wakituachia, itakuwa ya mfano Pemba nzima. Kila baada ya laasiri tunatembea nusu saa, siku tano kwa wiki, zikatimia zile dakika 150 wanazotaka wataalamu. Chai ya vijiko vinne vya sukari imeshuka hadi kimoja. Ng'onda tunairoweka na kumwaga maji yake, kwa kuwa chumvi ya mtu mzima kwa siku haitakiwi ifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Wali wa nazi hatukuuacha, hatuwezi kusema uongo mbele ya mgeni, tumepunguza sahani. Wanachama wawili wameacha sigara, na wa tatu anasema ameacha.

Hayo tunayaweza wenyewe. Kinachotushinda ni kimoja.

Mheshimiwa, hatuna vijiti vya kupimia sukari. Mwaka juzi, aliyesimama hapo ulipo alituahidi mashine na vijiti vya mwaka mzima. Tulipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mashine ilikuja, tunashukuru, na kichupa kimoja cha vijiti 50. Kiliisha kabla ya mwezi. Tulipouliza tuliambiwa suala linafanyiwa kazi. Mwaka jana akaja mwingine, naye akasema liko mezani. Hiyo meza, Mheshimiwa, tungependa siku moja tuoneshwe.

Tulichanga tukanunua vijiti vingine mjini, havikuingia. Kumbe kila mashine na vijiti vyake. Sasa mashine yetu imefungwa ndani ya kitambaa cha leso kwenye kabati la Katibu, betri nzima, haina kazi.

Matokeo yake ni haya. Kuna bibi yetu mmoja, umri wake umepita sabini, alikwenda Chake Chake kupimwa sukari ya asubuhi. Kipimo hicho kinataka mtu asile kwa saa nane au zaidi, basi alitoka alfajiri na njaa yake. Gari ikachelewa, foleni ikawa ndefu, akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Msamaria akamnunulia chai ya sukari na andazi. Maisha yaliokoka, kipimo kikaharibika, akaambiwa arudi wiki nyingine. Nauli ya mara ya pili hakuwa nayo. Mpaka leo anakisia sukari yake kwa kiu na kwa safari za chooni usiku.

Na kukisia ndiko kunakotumaliza. Presha hainong'oni, na mwenye kisukari hatari yake ya ugonjwa wa moyo na kiharusi ni kama mara mbili ya mwenziwe. Mtu atatembea, atapunguza chumvi, atameza vidonge, lakini bila kipimo hajui kama anapanda au anashuka.

Hesabu tumekufanyia ili usisumbuke. Wanachama 38, kila mmoja apimwe mara moja kwa wiki, ni vijiti 1,976 kwa mwaka. Ni vichupa 40 vya vijiti 50, na 24 vitakavyobaki tutawapimia wageni. Viwe vya aina ya mashine tuliyonayo. Jina lake tumeliandika kwenye bahasha uliyokabidhiwa. Hofu ya kuharibika isiwepo, kwa watu hawa kichupa kikifunguliwa hakimalizi wiki mbili.

Jingine dogo, kama mkono wako ni mwepesi leo: mkanda mpana wa mashine ya presha. Uliopo kituoni ni mdogo, na akina mama wenye mikono minene unawasomea presha ya juu wasiyokuwa nayo. Lakini hilo likishindikana, tusamehe tulilotaja. Vijiti kwanza.

Hatuombi jengo wala jiwe la msingi, na utepe wa kukata hatukuweka.

Chai imeandaliwa, Mheshimiwa, pamoja na muhogo wa kuchemsha. Sukari iko pembeni kwenye kibakuli, atakayeitaka ajitilie. Risala hii ina nakala tatu: moja yako, moja ya Sheha, na moja tutaibandika ukutani hapa, pamoja na tarehe utakayotutajia.

Tunaomba kuwasilisha.