Barua kwa Mwanangu: Raiskuka ya Laki Tatu

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Huku Tanga hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua tangu mvua zianze, na habari za hospitali hataki hata kuzisikia. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema umeona sufuria ya umeme ya wali, hizi ambazo sisi mafundi tunaziita raiskuka, ya Kijapani, imeshuka na kontena, safi kama mpya, na muuzaji anataka laki tatu. Unauliza kama inafaa. Mama yako angekujibu kwa neno moja. Mimi ni fundi, kwa hiyo vumilia.

Kabla ya yote, igeuze chini usome kibandiko. Maandishi ya Kijapani yaache, tafuta tarakimu. Ukiona 100V, ujue imetengenezwa kwa umeme wa kwao. Wetu ni 230, na kipasha joto cha volti 100 ukikipa 230 kinavuta nguvu zaidi ya mara tano. Hilo sikulisoma kitabuni. Ulipokuwa darasa la tatu nilimletea mama yako moja ya namna hiyo, ya bei rahisi, nikaichomeka ukutani kwa haraka kwa sababu wageni walikuwa wameshakaa. Dakika haikuisha. Harufu ya plastiki ikatanda, nyumba nzima giza, mchele umekaa kwenye maji ya baridi. Mama yako hakunena kitu. Alikwenda uani akawasha mkaa.

Muuzaji atakwambia ununue transfoma la kushusha volti. Sawa, lakini raiskuka za daraja hilo huvuta wati 1,000 mpaka 1,200 na zaidi, kwa hiyo utataka transfoma la wati 1,500 kwenda juu, lenye shaba ya kweli ndani, zito kama tofali. Yale mepesi yaliyoandikwa 2000W nimeyafungua mengi hapa mezani, na waya wake ni mwembamba mpaka unacheka. Transfoma zuri nalo lina bei yake. Laki tatu yako imeshaongezeka na wali hujapika.

Sasa tuseme umepata ya volti 230. Unalipia nini hasa?

Raiskuka ya kawaida ni kitu chepesi sana, na mimi naipenda kwa hilo. Katikati ya sahani ya moto kuna kidude cha duara kinachobonyea, kina springi na sumaku. Maji yakiwemo, sufuria haipandi zaidi ya nyuzi 100. Yakikauka joto linapanda, likipita 100 kidogo tu sumaku inaachia, unasikia "tak!", imejizima. Hakuna kompyuta hapo. Toshiba walipotoa ile ya kwanza ya kujizima, mwaka 1955, hata sumaku haikuwemo. Yoshitada Minami, aliyeibuni, aliweka sufuria ndani ya sufuria na maji kidogo katikati yake. Maji yale yakikauka, kama dakika 20 hivi, wali nao umeiva. Na aliyekuwa akipika na kupima siku nenda rudi ni mkewe, Fumiko. Hilo nilimwambia mama yako. Akasema alijua tu.

Ya ghali ina kompyuta inayoroweka mchele, ikapandisha moto polepole, ikapoza kwa hesabu. Zile za juu zaidi, ambazo kampuni ya Matsushita, siku hizi Panasonic, walizianzisha mwaka 1988, hazina sahani ya moto: sufuria yenyewe ndiyo inayopata joto, pande zote. Ni kazi nzuri, siwezi kuisema vibaya. Lakini uliza imeundwa kwa wali gani. Mjapani anataka wali unaoshikana, aunyanyue kwa vijiti. Wewe ukimwekea mgeni wali ulioshikana atakula kwa heshima tu, kisha akifika kwake aseme Zuhura alitupa bokoboko. Mchele wa Kyela au wa Morogoro hauhitaji kubembelezwa hivyo. Unahitaji maji ya kipimo na kuachwa dakika 10 umefunikwa baada ya kujizima.

Na kipimo ndicho kinachowaharibia watu wengi kuliko mashine. Mistari iliyo ndani ya sufuria inahesabu kwa kile kikombe kilichokuja nayo, cha mililita 180. Watu wanakitupa, wanapimia kikombe cha chai, halafu wananiletea raiskuka niitengeneze. Kilo moja ya mchele ni kama vikombe sita na nusu vya namna hiyo.

Wali wa nazi ndio mtihani. Ukimimina tui zito tangu mwanzo linashika chini na kuungua, kile kidude kinadhani maji yameisha, kinaruka wali ungali na kiini. Pikia tui jepesi. Kasimele, lile tui zito, iweke maji yakikaribia kukauka, geuza mara moja, funika. Ile saa ya kupanga muda, najua ndiyo iliyokuvutia kwa ajili ya zamu zako za usiku, nayo haina faida kwa tui: kwa joto la Dar utakuta limechacha kabla moto haujawaka. Kwa wali mweupe, sawa.

Halafu umeme ukikatika. Ya kawaida, swichi inabaki chini. Umeme ukirudi inaendelea ilipoishia. Ya kompyuta, ukikatika kwa muda mrefu hesabu inapotea, unarudi nyumbani unakuta mchele umevimba kwenye maji. Na siku bodi yake ikiungua usiniletee, sina pa kuipata. Fyuzi na sumaku za hizi za kawaida ninazo kwenye kopo.

Kwa hiyo, laki tatu hapana. Tafuta ya kawaida ya lita 1.8, yenye sufuria nene na kifuniko kizito, inawatosha wewe na watoto na dada. Chenji inayobaki lipia ada. Usiiache ikitunza joto la wali usiku kucha. Wati 40 kwa saa 10 ni sehemu ya uniti inayolingana na kupika upya. Wala usikwangue kwa kijiko cha chuma.

Nikufurahishe kidogo: Wajapani nao wanaupenda ukoko, wanauita okoge, na baadhi ya raiskuka zao za bei kubwa zina kitufe chake. Nilipomwambia mama yako alinyamaza kitambo, akauliza kitufe hicho kinapalia makaa juu ya kifuniko au la.

Kama bado moyo wako uko kwa ile ya kontena, piga picha kibandiko unitumie kabla hujatoa hela. Nazi kumi mama yako amekuwekea kwenye kiroba cha bluu, nimempa kondakta wa basi la saa mbili asubuhi. Moja ina ufa, ianze hiyo.

Ni mimi baba yako.