Mtoto anapokwenda bweni la ughaibuni, wazazi nao waandaliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa Kigoma na Tabora ambao watoto wao wamepata, au wanatafuta, ufadhili wa kusoma katika shule za bweni nje ya nchi. Mwanangu yuko mwaka wa pili katika shule ya namna hiyo nchini Uingereza, alikokwenda baada ya kumaliza kidato cha nne, na yaliyotupata mwaka wa kwanza sipendi yampate mzazi mwingine kwa sababu tu hakuambiwa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Mimi nilisoma bweni Tabora. Nilipanda treni hapa Kigoma nikiwa na sanduku la bati na ndoo, nikalia usiku wa kwanza kama walivyolia wengine, na baada ya wiki mbili nikawa nimezoea. Kijana alipoondoka nilimwambia avumilie wiki mbili tu. Sikutambua kwamba kilichonituliza Tabora ni watu: kitanda cha jirani alilala kijana wa Kasulu, kiranja wetu alitoka Ujiji, na chakula kilikuwa ugali na maharage kama nyumbani. Mwanangu hakukuta hata kimoja kati ya hivyo. Isitoshe, mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kipya na kila mtu alimuuliza habari za kwao. Upweke ulimshika mwezi wa pili, maswali yalipokwisha na siku zilipoanza kufupika. Huko mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, naye ni mtoto aliyezoea kuliona likitua nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, saa moja usiku.

Jambo la pili ni likizo ya katikati ya muhula. Sisi tuliosoma bweni hapa nchini tunajua kwamba shule ikifunguliwa mtoto yuko shuleni hadi ifungwe. Uingereza muhula hukatwa katikati, aghalabu kwa wiki moja, na mabweni mengi hufungwa. Mtoto wa kigeni huhitaji mlezi wa kumpokea nyumbani kwake. Wakala aliyetushughulikia alituhakikishia kwamba gharama zote zimelipwa. Katikati ya Oktoba tukaletewa ujumbe wa kudai fedha za malazi ya wiki hiyo, na nilipofungua nakala za karatasi za viza nikakuta jina la mlezi limeandikwa na sahihi yangu iko chini yake. Tulikopa, tukalipa.

Jumapili ya mwisho ya likizo hiyo ndiyo siku nisiyoisahau. Tulikubaliana kwamba kijana atapiga simu kila Jumapili saa moja usiku, ambayo kwao ilikuwa saa kumi na moja jioni. Saa moja ikafika, simu kimya. Mama yake alikaa mkekani, simu iko mapajani, ugali na mgebuka vikapoa bila mtu kunawa. Simu iliita saa mbili kamili. Kijana alishangaa kumsikia mama analia, kwa sababu yeye alipiga kwa wakati. Kumbe Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma kwa saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Machi husogezwa mbele tena. Jambo dogo kabisa, lakini hakuna aliyetuambia.

Mama alipolia, mtoto naye alilia, na hapo ndipo tuliposikia ukweli kwa mara ya kwanza. Kila Jumapili alikuwa akituambia "nipo salama", kumbe alikuwa akila peke yake, na alikuwa na wasiwasi kwa sababu mwalimu mmoja aliandika kwamba hamwangalii mtu usoni na huenda kuna jambo analificha. Mhariri, huyu ni mtoto tuliyemfundisha kuinamisha macho anapozungumza na mkubwa. Adabu yetu ilisomwa kama hila. Ilibidi aende kwa mlezi wa bweni na kumweleza kwa kinywa chake, na tangu siku hiyo mambo yalianza kufunguka, lakini alikuwa amelibeba jambo hilo peke yake kwa wiki tatu, kwa sababu baba yake alimwambia avumilie.

Wapo wanaonijibu kwamba hata Mwalimu Nyerere alitoka Tabora akaenda Edinburgh mwaka 1949 bila mtu wa kumshika mkono. Ni kweli alikwenda, lakini alikuwa na miaka 27 na alikwisha kufundisha pale shule ya Mtakatifu Maria. Mtoto wa miaka 16 ni mtu mwingine.

Ninawaomba mawakala na wafadhili, kabla ya mzazi kutia sahihi, wampe maelezo ya Kiswahili yaliyoandikwa: bweni linafungwa wiki zipi, nani atampokea mtoto, nani atalipa, na mlezi wa bweni anapatikanaje moja kwa moja. Ninawaomba wazazi nao waache kuuliza "hujambo" na kukata simu. Muulize mtoto leo amekula na nani.

Kijana wetu anarudi likizo mwezi Julai, na mwenyewe amependekeza kukaa na watoto wa mkoa huu watakaoondoka Septemba awaeleze haya yote kwa lugha yao. Nyumba yetu iko wazi kwao, na waje na mama zao.

Mzazi,
Ujiji, Kigoma