Barua kwa mwanangu: huyu gavana macho yake yalikuwa kama yako

Mwanangu, shikamoo yako ya jana nimeipokea, marahaba. Ila ulichoniambia kimeninyima usingizi, eti umependekezwa udada mkuu msaidizi ukakataa kwa sababu huwezi kusoma matangazo mstarini. Nilikuwa kwenye daladala sikukujibu vizuri, sasa ngoja nikupe habari za mtu mmoja aliyekuwa gavana, yani mkuu wa jimbo la New York kule Marekani, anaitwa David Paterson.

Huyo akiwa kichanga alipata maambukizi sikioni yakafika mpaka mshipa wa fahamu wa macho, jicho la kushoto halioni kabisa la kulia likabaki na mwanga kidogo tu. Wazazi wake wakataka asome darasa la kawaida na wenzake, shule za jiji hazikuwahakikishia, wakaenda kununua nyumba Hempstead kule Long Island ili mtoto asome. Hapo nilimuelewa sana yule baba, si unakumbuka ile shule ya kwanza ilivyotuzungusha mpaka mama yako akalia getini.

Afu akasomea sheria, 1985 akachaguliwa seneti ya jimbo, yani bunge lao, na watu wa Harlem, mtaa wa weusi wa jiji la New York, 2006 akachaguliwa naibu gavana, kazi ambayo wengi wanaiona ya kukaa pembeni tu. Machi 2008 gavana Eliot Spitzer akapatwa na kashfa ya wanawake wa kulipwa, wiki haijaisha katangaza kujiuzulu, tarehe 17 Paterson kaapishwa, gavana wa kwanza mweusi New York! Na hotuba yote aliitoa kichwani, maana miaka yote wasaidizi wake walikuwa wanamsomea makaratasi kwenye simu, anasikiliza, anashika. Yani kama wewe na zile voisi ninazotuma kwa simu ya matroni.

Sikufichi, mambo yalimwendea vibaya, uchumi ulianguka hela za jimbo zikakauka, na yeye mwenyewe alikuwa na makosa yake, 2010 hakugombea. Lakini 2009 alisaini kulegeza zile sheria kali za jimbo za dawa za kulevya, zinaitwa sheria za Rockefeller, zilizojaza vijana weusi magerezani, sheria alizozipinga tangu akiwa seneta.

Sasa matangazo ya mstarini ni mistari mingapi mama, saba, nane? Mwalimu wa zamu akupe usiku, rafiki yako akusomee mara mbili. Vita vya Majimaji uliishika yote kwa voisi mbili, na siku hiyo nilikuwa nachemsha maharage sufuria inapiga kelele, bado ulinirudishia neno kwa neno. Kesho asubuhi kabla ya chai muulize matroni kama nafasi bado ipo.

Baba yako