Barua ya Kufunga Muhula: Teknolojia na Mbinu Mpya za Kufundishia

Kwa wazazi na walezi wote,

Yah: Kufunga muhula, na maelezo kuhusu namna tunavyofundisha sasa

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam. Muhula umefika mwisho, mitihani imesahihishwa, na ripoti ya kila mwanafunzi imeambatishwa na barua hii. Kuhusu alama sitasema mengi, kwa kuwa mwalimu wa darasa ameandika maoni yake katika kila ripoti, naye ndiye anayemfahamu mtoto wenu kwa karibu. Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni jambo ambalo wengi wenu mmeliuliza katika kikao cha wazazi, na wengine mkaja kuliuliza ofisini: vishikwambi darasani, video ambazo wanafunzi hutazama kabla ya kipindi, majadiliano ya wawili wawili, majaribio mafupi yasiyoingia kwenye ripoti, na hizi programu za akili mnemba ambazo kila mtoto anazijua hata kama hazitaji mbele yenu.

Lalamiko lililojirudia kuliko yote ni kwamba walimu siku hizi hawafundishi. Mzazi hufungua daftari la mwanawe akakuta kurasa chache zilizoandikwa, na akimwuliza mtoto, anajibiwa kwamba mwalimu alitoa swali, akawaacha wabishane, kisha akatoa swali jingine. Mzazi mmoja alinikumbusha, kwa heshima zote, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa upande wa mali sina ubishi naye. Kwa upande wa masomo, kurasa nyingi zilizonakiliwa kutoka ubaoni huthibitisha kwamba mkono ulifanya kazi. Kama akili nayo ilifanya kazi, hilo linahitaji ushahidi wa namna nyingine.

Mbinu inayolalamikiwa haikubuniwa hapa shuleni, wala si ya jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aligundua kwamba wanafunzi wake waliweza kukokotoa maswali magumu kwa kanuni walizokariri, lakini wengi walishindwa maswali mepesi yanayohitaji kuelewa dhana yenyewe. Chukueni swali la namna hiyo: lori zito likigongana na gari dogo, lipi kati ya hayo mawili hulisukuma jingine kwa nguvu kubwa zaidi? Wanafunzi wengi husema lori, ingawa wanaweza kuitaja kanuni ya tatu ya Newton bila kukosea hata neno, na kanuni hiyo inasema kwamba nguvu hizo ni sawa. Gari dogo huumia zaidi kwa sababu uzito wake ni mdogo. Mazur akaanza kusimamisha somo katikati, akiuliza swali, akimtaka kila mwanafunzi ajibu peke yake kwanza, kisha amshawishi jirani yake, halafu ajibu tena. Hicho ndicho walimu wetu wa sayansi wanachokifanya, na kelele mnazozisikia mnapopita karibu na madarasa hayo ni za watu wanaotetea majibu yao. Naomba mzingatie sana sehemu ya kujibu peke yake kwanza, maana majadiliano yanayoanza kabla mtoto hajafikiri hugeuka kuwa mmoja anasema na wengine wanaitikia.

Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha ufundishaji wa mihadhara na ule unaomshirikisha mwanafunzi katika masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati ya vyuo vikuu, wakakuta kwamba wanafunzi wa mihadhara pekee walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 zaidi ya wenzao. Utafiti mwingine uliotolewa Harvard mwaka 2019 unanigusa zaidi, kwa kuwa unajibu moja kwa moja lalamiko lenu. Wanafunzi wa fizikia waligawanywa bila upendeleo. Kundi moja likasikiliza mhadhara uliopangika vizuri, na jingine likafanyia kazi maswali kwa majadiliano, wote kwa mada ileile. Waliofanya kazi wenyewe walipata alama za juu zaidi katika jaribio, lakini walipoulizwa wamejifunza kiasi gani, walijikadiria chini kuliko wale waliosikiliza mhadhara. Kusikiliza maelezo laini humfanya mtu ajihisi ameelewa. Kuhangaika na swali humfanya ajihisi mjinga, hata wakati anapojifunza zaidi. Kwa hiyo mtoto anapowaambia nyumbani kwamba hafundishwi, hasemi uongo. Anaeleza anavyojihisi, na sisi tunawaomba mtazame anachoweza kukifanya.

Majaribio mafupi nayo yamezua maswali, hasa kwa kuwa hayana alama za kuonyesha nyumbani. Lengo lake ni kumlazimisha mwanafunzi akumbuke bila kutazama. Katika jaribio la Henry Roediger na Jeffrey Karpicke lililochapishwa mwaka 2006, wanafunzi waliosoma kifungu kwa kukirudia walikumbuka vizuri zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja walikumbuka takriban asilimia 42 ya yaliyomo, ilhali waliokisoma mara moja kisha wakajipima walikumbuka asilimia 56. Mtoto anayesoma usiku kucha akiupitia ukurasa uleule kwa kalamu ya rangi anajiandaa vyema kwa dakika 5 zijazo. Tunachotaka ni afunge kitabu na aandike anachokumbuka.

Sasa nije kwenye vifaa. Wapo wazazi wanaotaka kila mtoto awe na kishikwambi chake, na wapo wanaotaka vifaa vyote viondolewe. Kila upande unaweza kupata ushahidi wake ukiutafuta. Serikali ya Peru iligawa kompyuta mpakato nyingi kwa wanafunzi wa shule za msingi, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 haikuona maendeleo yoyote katika hisabati wala lugha. Kwa upande mwingine, mjini Delhi, India, programu ya kompyuta iliyotumika katika vituo vya masomo ya ziada kwa takriban miezi minne na nusu iliwapandisha wanafunzi kwa kiasi kikubwa katika hisabati na Kihindi. Tofauti haikuwa ubora wa mashine. Watoto wengi wa Delhi walikuwa nyuma ya madarasa yao kwa miaka kadhaa, na programu ile ilianza kwa kupima kila mmoja yuko wapi, ikampa maswali ya kiwango chake na si ya kiwango cha darasa aliloandikishwa. Kule Peru watoto walipewa kompyuta, na ufundishaji ukabaki ulivyokuwa.

Ndiyo maana vishikwambi vyetu hukaa kabatini, na hutoka pale tu ambapo mwalimu ameeleza katika andalio la somo kazi gani itafanyika ambayo karatasi haiwezi kuifanya vizuri. Katika hisabati, programu ya mazoezi humpa kila mwanafunzi swali kulingana na alivyojibu lililotangulia, na mwalimu huona papo hapo nani amekwama wapi. Katika biolojia, mwendo wa damu ndani ya moyo hueleweka upesi zaidi ukionekana ukitembea kuliko ukichorwa. Kusoma hadithi, kuandika insha na kuchora grafu ya kwanza kabisa maishani tumeviacha kwenye karatasi, na hatuko peke yetu katika hilo: Sweden, nchi iliyotangulia nyingi kuingiza skrini madarasani, iliamua mwaka 2023 kurudisha msisitizo kwenye vitabu vilivyochapishwa. Niongeze kwamba mmoja wa walimu wetu wa hisabati hajawasha projekta muhula mzima. Anatumia chaki, maswali mazuri na ukali kidogo, wanafunzi wake wanafanya vizuri, na sina mpango wowote wa kumlazimisha.

Kuhusu video za kutazama kabla ya kipindi, utaratibu huu ulipata umaarufu kuanzia mwaka 2007, pale walimu wawili wa kemia katika jimbo la Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walipoanza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Baadaye waliona kwamba maelezo yakishasikilizwa nyumbani, muda wa darasani unabaki kwa ajili ya mazoezi, wakati mwalimu yupo wa kumsaidia aliyekwama. Udhaifu wake unajulikana: si kila nyumba ina intaneti, na mtoto asiyetazama huja darasani akiwa mtupu. Kwa sababu hiyo hakuna video yetu inayozidi dakika 10, kila moja ina muhtasari uliochapishwa, na chumba cha kompyuta hufunguliwa mapema asubuhi kwa wanaohitaji. Mzazi asisikie shinikizo la kununua kifaa. Hakuna kazi ya shule hii inayomtaka mtoto awe nacho nyumbani.

Simu hazina mjadala mrefu. Katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2022, takriban asilimia 65 ya wanafunzi wa nchi za OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, walisema huvurugwa na vifaa vya kidijitali angalau katika baadhi ya vipindi vya hisabati. Simu itaendelea kubaki nyumbani, au ikabidhiwe ofisini asubuhi na kuchukuliwa jioni.

Akili mnemba ndiyo iliyotuchukulia vikao vingi vya walimu. Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika majibu na insha kwa kuombwa, ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, insha ya kufanyia nyumbani imepoteza thamani yake kama kipimo, na hakuna faida ya kujifanya hatujui. Programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine hatuzitumii kumhukumu mtoto. Watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2023 kwamba programu hizo ziliyaita ya mashine zaidi ya nusu ya maandishi ya Kiingereza yaliyoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kampuni iliyoitengeneza ChatGPT iliondoa kitambuzi chake mwaka huohuo kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Kumwadhibu mtoto mwaminifu kwa neno la mashine ni jambo nisilokuwa tayari kulitia saini.

Kuna utafiti mmoja ninaoutumia kila ninapozungumza na wanafunzi kuhusu hili. Takriban wanafunzi 1,000 wa sekondari nchini Uturuki walifanya mazoezi ya hisabati, baadhi wakiwa na programu ya kawaida ya akili mnemba ya kujibu maswali, baadhi wakiwa na ile iliyoelekezwa kutoa vidokezo bila kutoa majibu, na wengine bila msaada wowote wa mashine. Wakati wa mazoezi, wenye programu ya kawaida walifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wasio na msaada. Siku ya mtihani, msaada ulipoondolewa, walifanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuigusa. Waliopewa vidokezo tu hawakupata madhara hayo. Utaratibu wetu umejengwa juu ya tofauti hiyo. Maandishi yote yanayoingia kwenye ripoti huandikwa darasani kwa mkono, na kazi za mradi hutetewa kwa mdomo mbele ya mwalimu, ambaye huuliza kwa nini hatua fulani ilichukuliwa na si nyingine. Mwanafunzi anaruhusiwa kuiomba mashine imtungie maswali ya kujipima, imweleze kwa njia nyingine jambo ambalo hakulielewa, au imwonyeshe penye udhaifu katika rasimu aliyokwisha kuiandika mwenyewe. Kuiomba imwandikie ni udanganyifu, sawa na kumlipa mtu mwingine afanye kazi hiyo. UNESCO, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, ilipendekeza umri usiopungua miaka 13 kwa matumizi ya programu hizi darasani, nasi tunaufuata. Tunaomba pia watoto wasiziwekee majina yao kamili, picha zao wala habari za familia.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, jambo hili ni la karibu zaidi, kwani vyuo vingi wanavyovielekea hupokea kazi, hutoa notisi na hata huendesha mijadala kupitia mtandao. Wamefundishwa kupanga mafaili yao, kuandika kwa kompyuta, na kukagua kama chanzo wanachokinukuu kipo kweli, maana programu hizi hutunga majina ya vitabu visivyokuwepo bila haya yoyote.

Kazi za likizo zipo kwenye karatasi na hazihitaji intaneti. Ninachowaomba ni kwamba, mara chache kwa wiki, mtoto akiwa amefunga madaftari, awaeleze kwa maneno yake somo moja alilojifunza muhula huu. Hamhitaji kulijua somo hilo. Mwulizeni tu kwa nini, na mnyamaze mpaka ajibu. Akikwama, arudi kwenye kitabu na ajaribu tena siku inayofuata.

Wiki ya kwanza ya muhula ujao milango ya madarasa itakuwa wazi kwa wazazi wanaotaka kuketi nyuma na kufuatilia kipindi kizima. Fomu ya kuchagua siku na somo iko ukurasa wa mwisho wa ripoti. Irudishwe kwa mwalimu wa darasa siku ya kufungua shule. Wanaohisi kwamba walimu hawafundishi wanakaribishwa kwanza.

Wenu katika malezi na elimu,

Mkuu wa Shule