Trekta linachemsha likifika shambani tu

Wiki iliyopita mteja alituletea trekta kutoka Misungwi, na hela ya gasketi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) ameshaitafuta. Fundi wa kwanza alimwambia silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, imepinda. Barabarani na trela linatembea bila shida, ila likifungwa plau, mistari mitatu tu geji ya joto iko kwenye nyekundu na rejeta, ile inayopoza maji ya injini, inatema maji.

Hatukushika spana. Tulifungua boneti tukamulika tochi nyuma ya wavu wa mbele. Rejeta haikuonekana: ilikuwa imevaa blanketi la makapi ya mahindi yaliyogandana na oili. Msimu mzima trekta lilikuwa likizungusha mashine ya kupukuchua, na feni ikavuta kila pumba. Barabarani injini haifanyi kazi ngumu, hewa kidogo inatosha. Kwenye udongo mzito wa mbuga haitoshi. Tukapuliza kwa kompresa kutoka upande wa injini kuja mbele (ukianzia mbele unayakandamiza makapi zaidi), tukaosha, jioni likalima. Hedi haikuguswa.

Baada ya hapo huwa tunaangalia mkanda wa feni, kisha mfuniko wa rejeta. Huo mfuniko watu wanaudharau, wengine wanaziba na tambara. Ziwa letu la Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huku maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kinachoyachelewesha ni presha inayoshikiliwa na mfuniko. Raba yake ikichoka, maji yanachemka mapema na kumwagika hata kama injini ni nzima.

Thamostati nayo, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, wengi wanaitoa na kuitupa, eti huku kuna joto. Hatukubaliani nao. Bila hiyo injini haifikii joto lake na dizeli inaenda bure. Ukiishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni: nyingi zimegongwa namba 82, yaani nyuzi za joto, kwa hiyo ianze kufunguka kabla maji hayajatokota. Isipofunguka, nunua nyingine.

Gasketi tunaishuku mwisho. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa: ukiona mapovu yasiyokoma, au dipstiki (kijiti cha kupimia oili) yenye oili ya rangi ya chai ya maziwa, hapo tutafungua hedi na hatutakuficha gharama.

Likichemsha shambani, usifungue mfuniko, maji yatakuunguza uso. Wala usimwagie injini ndoo ya maji ya ziwani. Hedi zilizopasuka hivyo tumeshazipokea. Simamisha, subiri lipoe kabisa.

Ukitupigia, tuambie mambo matatu: linachemsha likiwa kwenye kazi gani, maji yanapungua kiasi gani kwa siku, na unajaza maji gani. Ya kisima chenye chumvi yanaacha ukoko ndani ya rejeta, na huo kompresa haiuondoi. Hiyo rejeta itabidi ishushwe, uje nayo gereji.