Magurudumu ya baiskeli za mbio yasukwe kulingana na hewa na barabara za Pwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa wasiopanda baiskeli, ilhali linawagharimu pesa nyingi vijana wa Mombasa wanaoendesha baiskeli za mbio. Wengi wao huanza na baiskeli nzuri ya mtumba, na wakishadunduliza vijisenti hutamani kubadilisha magurudumu. Hapo macho yao huenda moja kwa moja kwenye yale ya kiwandani yenye ringi za kaboni za kimo kirefu na spoki chache zilizobapa, yaani zile nyaya zinazoiunga ringi na kitovu cha gurudumu, kwa kuwa ndiyo wanayoyaona kwenye televisheni wakati wa Tour de France. Rai yangu, kama fundi, ni kwamba kwa pesa hizo hizo, na mara nyingi kwa pungufu, mtu anaweza kusukiwa hapa hapa gurudumu la ringi ya alumini na spoki 32 litakalomfaa zaidi, mradi vifaa vyake vichaguliwe kwa kulijua jiji hili lilivyo.

Nianze na upepo. Ringi ya kimo kirefu hupunguza ukinzani wa hewa kwa anayekwenda kasi kubwa mahali palipo wazi, hilo silikatai. Lakini ubavu wake mpana ndio unaoupokea upepo wa pembeni, na yeyote aliyevuka daraja la Nyali wakati kusi limeshika anajua maana ya kusukumwa kuelekea kwenye njia ya matatu. Kwa mwendeshaji wa uzani mdogo, ringi ya kimo cha milimita 25 hadi 30 inatosha na inatulia mkononi.

La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni chumvi. Spoki hushikiliwa kwenye ringi kwa vijinati vidogo tunavyoviita nipeli, na viwanda vingi hupenda kutumia nipeli za alumini ili kupunguza gramu chache. Alumini ikigusana na chuma cha spoki, na katikati pakawa na unyevu wenye chumvi, huanza kuliwa. Ikigusana na kaboni huliwa upesi zaidi. Nimefungua magurudumu ambayo kwa nje yanang'aa, nikaondoa utepe wa ndani ya ringi na kukuta unga mweupe umezizunguka nipeli, na nilipojaribu kuzungusha moja, kichwa chake kikavunjikia ndani ya spana huku mkia ukibaki umeng'ang'ania spoki. Gurudumu la namna hiyo halinyoosheki tena. Kwa hiyo anayeishi ukanda huu aitishe nipeli za shaba na spoki za chuma kisichoshika kutu, wala asikubali zile zilizopakwa zinki, ambazo hapa Pwani hufifia haraka na kuanza kutu kwenye kiwiko, yaani pale spoki inapopinda kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu.

Kuhusu ukubwa wa ringi, nawasihi wanunuzi wasitegemee jina linalotamkwa dukani. Ringi ya baiskeli ya mbio ya siku hizi, inayoitwa 700C, ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa. Baiskeli kuukuu za mbio zinazoingia na mitumba wakati mwingine huwa na ringi za inchi 27, ambazo ni milimita 630, na zile baiskeli kubwa nyeusi zinazosambaza mabofulo alfajiri hutumia ringi ya inchi 28 ambayo ni milimita 635. Tofauti hizo ni ndogo kwa macho, ila tairi la moja halikai kwenye nyingine. Anayetoka kwenye 630 kwenda 622 aangalie kwanza kama mipira ya breki inaweza kushuka milimita nne, la sivyo atakuwa na magurudumu mapya yasiyo na breki. Upana wa ndani nao una umuhimu: ringi za zamani zilikuwa na milimita 13 hadi 15, na sasa 19 au 21 ni jambo la kawaida. Huo ndio upana ninaoupendekeza kwa tairi la upana wa milimita 28, kwa sababu tairi hukaa likiwa pana na kuweza kuendeshwa na upepo pungufu kidogo bila kugonga ringi kwenye mashimo ya barabara zetu.

Sasa tuje kwenye spoki zenyewe. Watu huamini kuwa spoki nene ndiyo imara. Kwa hakika spoki yenye milimita 2.0 kwenye ncha zote mbili na 1.8 katikati hudumu zaidi kuliko ile iliyo nene mwanzo hadi mwisho, maana sehemu nyembamba hunyumbuka na kukipunguzia kiwiko mzigo, na spoki nyingi hukatikia kwenye kiwiko. Hazikatwi na shimo moja kubwa kama wengi wanavyodhani, bali na uchovu. Kila gurudumu linapozunguka, spoki iliyo chini hulegea kidogo chini ya uzito wa mtu, kisha hukaza tena ikipanda. Kutoka Mombasa hadi Malindi, safari ya takriban kilomita 120, kila spoki hupitia hali hiyo zaidi ya mara 50,000. Ikiwa ilikazwa vya kutosha tangu mwanzo, kulegea huko hakuidhuru. Ikiwa ilikazwa nusunusu, hulegea kabisa kila mzunguko, nipeli hujifungua polepole, na kiwiko huchoka kabla ya wakati wake.

Ndiyo maana kusuka kuna kanuni. Katika gurudumu la nyuma la spoki 32, kila upande una 16, na kila spoki hupishana na nyingine tatu za upande wake kabla ya kufika kwenye ringi. Ile ya tatu hupitiwa kwa chini ili zishikamane. Kupishana huku si pambo. Mnyororo unapovuta gia, habu hutaka kuzunguka kabla ya ringi, na ni spoki zilizolala upande zinazoweza kuivuta ringi iandamane nayo. James Starley wa Coventry, Uingereza, alisajili hataza ya spoki za namna hiyo mwaka 1874, na hadi leo hakuna njia ya spoki za waya iliyoishinda kwa gurudumu la nyuma. Mbele, penye breki za kubana ringi, mtu anaweza kusukiwa spoki zinazokwenda moja kwa moja bila kupishana, lakini watengenezaji wengi wa habu hawaruhusu kwa sababu ukingo wenye matundu unaweza kupasuka. Penye breki za diski, hata gurudumu la mbele lazima lipishane. Fundi makini pia huhakikisha tundu la vavu limeangukia kwenye nafasi pana kati ya spoki, ili kichwa cha pampu kiingie bila kusumbua. Ukiona vavu imebanwa na spoki mbili zinazokutana juu yake, jua kazi ilianzwa tundu moja nje ya mahali pake.

Urefu wa spoki haukisiwi. Milimita mbili zikipungua, nipeli hushika nyuzi chache tu za skrubu. Zikizidi, ncha huweza kutokeza na kutoboa tyubu. Mimi huchukua spoki mbili kuukuu zilizokatwa kwa kipimo ninachokijua, nikazifunga nipeli kwenye matundu yanayotazamana ya ringi yenyewe, na kupima pengo lililobaki katikati, kwa kuwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya ringi si mara zote ndicho.

Kazi ya kukaza huenda polepole, robo mzunguko kwa robo mzunguko, nyuzi zikiwa zimetiwa mafuta ili spoki isijisokote badala ya kukaza. Upande wa gia spoki husimama karibu wima, hivyo hubeba mkazo mkubwa, kilo 100 hadi 120 kulingana na kikomo cha ringi, huku za kushoto zikiwa na nusu yake au zaidi kidogo. Asiye na kipimo cha mkazo huzigonga kwa kidole na kusikiliza, kama mpiga udi anayetafuta sauti, na za upande mmoja zinapaswa kulingana. Halafu huzibana kwa viganja, jozi kwa jozi, kwa nguvu zote. Mlio wa tiki-tiki unaosikika ni wa spoki zikijisokotoa na kukaa mahali pake. Gurudumu lisilobanwa hivyo litapiga mlio huo barabarani na kupinda siku ya kwanza, na lawama itaangukia ringi isiyo na kosa.

Faida nyingine hudhihirika miaka ikipita. Mchanga wetu ukichanganyika na maji ya masika husaga ubavu wa ringi kila breki inaposhikwa, na ile mifuo midogo iliyochorwa ubavuni ikifutika, ringi imekwisha. Kwa gurudumu la kusukwa, ringi mpya ya kipimo kile kile hufungwa kwa utepe kando ya ile ya zamani, spoki zikahamishwa moja moja, na habu ikaendelea na kazi. Kwa lile la kiwandani lenye spoki 20 za umbo la pekee, spoki moja ikikatika ringi huyumba hadi kugusa fremu, na mwenyewe atalibeba begani huku akisubiri kifaa kutoka ng'ambo.

Ombi langu kwa wenye maduka ya vifaa vya baiskeli ni kwamba waweke spoki za chuma kisichoshika kutu kwa urefu ulioandikwa katika milimita, na wakubali kuuza mojamoja pamoja na nipeli zake za shaba, badala ya kulazimisha pakiti nzima ya urefu mmoja. Kwa wateja, ombi ni jepesi zaidi: baada ya wiki mbili au tatu za kuendesha, rudisheni gurudumu jipya kwa aliyelisuka alikague, na kabla ya kumlipa mwulizeni upande wa gia ameukaza kwa kilo ngapi.

Fundi wa magurudumu,
Kisauni, Mombasa