Risala ya Kamati ya Ushauri Nasaha kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Wazazi, Likoni

Mheshimiwa mgeni wa heshima, Afisa wa Elimu wa Kaunti Ndogo, mwenyekiti wa halmashauri ya shule, mwalimu mkuu, walimu wenzetu, wazazi wetu na wanafunzi: assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Karibu Likoni. Foleni ya feri asubuhi tunaijua, kwa hivyo kufika kwako kabla ya wazazi wengine tumekuhesabia heshima kubwa.

Matokeo ya mitihani yamebandikwa nje ya ofisi, hatutayasoma hapa. Sisi tumeomba nafasi tuzungumzie utundu.

Mheshimiwa, mwaka huu tulianzisha daftari jipya. Lile la nidhamu la zamani lilikuwa na jina, kosa na adhabu, basi. Hili lina safu tatu: kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Saa na kipindi huandikwa pia. Walimu walinung'unika kwamba tumewaongezea kazi, na kweli tumewaongezea.

Kuna mvulana wa Gredi ya Sita aliyekuwa gumzo la chumba cha walimu: kupiga meza, kuvuta wenzake mashati, kumjibu mwalimu kijeuri. Tulipoufuatilia ukurasa wake tukaona kwamba kwenye hesabu yu shwari, sayansi yu shwari, na uwanjani ndiye nahodha. Fujo huanza kipindi cha Kiingereza, zamu ya kusoma kwa sauti inapobakiza madawati mawili imfikie. Na safu ya tatu kila mara iliandikwa vilevile: ametolewa nje. Nje ndiko alikokutaka! Kusoma hakujui, na kwake afadhali aitwe mkorofi kuliko kuchekwa na darasa zima. Tukidhani tunamkomesha, kumbe tunamlipa. Siku hizi husoma na mwalimu mmoja kabla ya kengele ya asubuhi, na zamu yake ikifika darasani hupewa aya aliyokwisha kuipitia. Mtundu bado ni mtundu, ila mlangoni haonekani tena kama zamani.

Wengine kisa chao ni kifupi. Msichana aliyeandikwa mvivu kwa kusinzia, kumbe huamka alfajiri kumsaidia mamake kukaanga mahamri ya kuuza. Mtoto aliyeitwa mkaidi kwa kutoitika, sikio lake lilikuwa likitoa usaha. Na wapo, hatufichi, wanaokuja wakiwa wametafuna muguka, majani ya kusisimua ya jamii ya miraa. Mwaka 2024 kaunti ilijaribu kuupiga marufuku na suala likafika mahakamani. Huku mitaani bei yake bado iko ndani ya uwezo wa mtoto mwenye pesa ya chakula cha mchana.

Wazazi hutuambia, "Mchape tu mwalimu, mchelea mwana kulia hulia yeye." Uchungu wenu tunauelewa. Lakini fimbo ilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeifanya kuwa kosa la jinai. Na hata ingeruhusiwa, yule nahodha wetu angechapwa viboko vingapi ndipo ajue kusoma? Kumrudisha mtoto nyumbani wiki mbili nako tunakutilia shaka. Anayekimbia darasa huona amepewa likizo, na mwenye shida nyumbani tumemrudisha palepale penye shida.

Mheshimiwa, daftari lina mwisho wake. Linatuonyesha lini na wapi, lakini halipimi macho wala masikio, wala halitambui mtoto mwenye ulemavu wa kujifunza. Vituo vya tathmini ya elimu, EARC, vinavyowatambua watoto wa namna hiyo, vimekuwepo nchini tangu 1984. Tunaomba maafisa wake watufikie shuleni walau mara moja kila muhula, kwa sababu mzazi wa kibarua akiambiwa ampeleke mtoto mwenyewe hupoteza ujira wa siku, na wengi huishia kutokwenda. Tunaomba pia utuunganishe na idara ya afya ya kaunti kwa upimaji wa macho na masikio wanafunzi wanapofungua shule. Na mwalimu wetu wa ushauri apunguziwe vipindi. Kwa sasa anafundisha sawa na wengine, na watoto humsubiri mlangoni wakati wa chakula, naye hajala.

Daftari lenyewe liko hapa mezani, majina yamefunikwa. Tutashukuru ukilipitia kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Ushauri Nasaha